Mali bila daftari: Mpanda ihesabu faida ya uhandisi wa kompyuta

WAFANYABIASHARA wa Mpanda wana kipimo kimoja cha uwekezaji: fedha inayotoka leo itarudi lini, na itarudi na nini. Kwa kipimo hicho hununua mahindi bei ikiwa chini, wakayaweka ghalani na kusubiri. Kwa kipimo hicho hicho hununua mashine ya kukoboa mpunga, fuso au kiwanja.

Ajabu ni kwamba mtoto anapofaulu kidato cha sita na kuchaguliwa kusoma uhandisi wa kompyuta chuo kikuu, kipimo hicho huwekwa kando. Mzazi mmoja hulipa kwa fahari bila kuuliza anachonunua. Mwingine hukataa kwa sababu mtaani kwake yupo kijana "aliyesoma kompyuta" ambaye leo anatoa fotokopi.

Wazazi wote wawili wanakosea hesabu. Kozi hiyo ni mtaji kama mtaji mwingine. Ina bei yake, ina muda wa kusubiri na ina hatari zake. Kwa mkoa kama Katavi inaweza kuwa mtaji wenye faida kubwa kuliko inavyodhaniwa, lakini kwa masharti ambayo wenye fedha wa Mpanda hadi sasa hawajayatimiza.

DAFTARI LIMEHAMA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari la mfanyabiashara lilikaa chini ya meza, na mwenye duka alilisoma mwenyewe kwa taa ya chemli. Leo sehemu kubwa ya daftari hilo imehamia ndani ya mashine.

Risiti ya mauzo inatoka kwenye mashine ya EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010. Fedha inapita kwenye simu, tangu Vodacom ilipoanzisha M-Pesa hapa nchini mwaka 2008. Vyama vya ushirika vinatakiwa kuingiza taarifa zao katika mfumo wa MUVU. Mazao kama ufuta katika mikoa kadhaa yanauzwa kwa mnada wa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa, TMX, mnunuzi akiwa mamia ya kilometa kutoka ghalani.

Mambo hayo yakienda vizuri hakuna anayeyaona. Yakikwama, sokoni linasikika neno moja tu: "mtandao unasumbua." Neno hilo limekuwa kapu la kutupia kila kitu. Huenda tatizo ni umeme. Huenda ni mashine yenyewe, au laini, au programu, au ni kompyuta kuu iliyoko Dar es Salaam. Kila moja ya hizo ina dawa yake. Asiyejua tatizo liko wapi atawalipa mafundi wote, kisha asubiri.

Na kusubiri ni gharama. Wakala wa fedha ambaye mashine yake imezima siku ya mnada hapati kamisheni ya siku hiyo, wala hailipwi kesho. Mkulima aliyeleta tumbaku au mpunga na kuambiwa mfumo hauko hewani analala mjini kwa fedha yake.

Chukua mfano wa mizani ya kielektroniki. Chini ya sahani yake kipo kipande cha chuma kinachopinda kidogo mno mzigo unapowekwa, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Waya mwembamba uliobandikwa juu yake unanyumbuka nacho, na umeme unaopita humo unabadilika. Saketi inaukuza umeme huo, inaugeuza kuwa tarakimu, na programu inatoa kilo.

Mnunuzi na muuzaji wanaona tarakimu tu. Lakini umeme ukiyumba, waya ukipata unyevu au programu ikiwekwa vibaya, tarakimu zitatoka vile vile, tena kwa kujiamini. Kosa la asilimia 1 kwenye gunia la kilo 100 ni kilo 1, na hakuna atakayegomba. Kwenye lori la tani 30 ni kilo 300, yaani magunia matatu. Bei ikiwa shilingi 700 kwa kilo, hizo ni shilingi 210,000 zilizohama mfuko mmoja kwenda mwingine bila wizi na bila habari.

Wakala wa Vipimo wapo na hukagua mizani. Lakini mkaguzi huja na kuondoka. Anayekaa na mashine siku zote ni mwenye ghala, na mara nyingi hana mtu wa kumwambia mashine inasema kweli au inabahatisha.

SOMO LA MWAKA 1974

Tanzania imewahi kulipia somo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuja kuanza mwaka 1973, miaka minane baadaye. Mashine ilitangulia, wahandisi wakafuata.

Mwaka 1974, baada ya jaribio la kuweka hesabu za Hazina kwenye kompyuta kuleta hasara badala ya nafuu, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini. Aliyetaka kuingiza ilibidi aombe kibali maalumu. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa hatua kwa hatua, lakini miaka ilikuwa imekwishapotea.

Wengi huikumbuka marufuku hiyo kama kichekesho cha siasa za enzi zile. Kwa mtu wa biashara, funzo lake ni jingine. Nchi ilinunua mashine kabla ya kuwa na watu wa kutosha wa kuielewa, na mashine ilipofanya vibaya hakukuwa na njia ila kuifungia mlango. Katavi leo haiwezi kufunga mlango. EFD ni sheria, simu ni soko na mnada umo ndani ya kompyuta. Njia iliyobaki ni kupata watu.

Idadi ya watu nayo inasukuma. Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Soko limekua zaidi ya mara mbili ndani ya miaka kumi. Barabara ya lami kwenda Tabora imekamilika. Kwa miaka mingi mkoa huu uliwashwa kwa jenereta za dizeli nje ya gridi ya Taifa, na mradi wa njia ya umeme wa msongo wa kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ulibuniwa kumaliza hali hiyo. Barabara na umeme vikishafika, mashine nyingi zaidi zitafuata.

KOZI TATU, JINA MOJA

Kosa la kwanza la mzazi ni kudhani kila "kompyuta" ni moja. Kuna mafunzo ya miezi mitatu ya kuchapa barua na kutengeneza jedwali. Hayo ni ya ukarani, na hayana ubaya kwa anayetaka ukarani. Kuna shahada za sayansi ya kompyuta au teknolojia ya habari, ambazo kwa kawaida huchukua miaka 3 na mkazo wake ni programu na matumizi yake. Na kuna uhandisi wa kompyuta, wa miaka 4.

Mwanafunzi wa uhandisi hujifunza hesabu, fizikia na umeme kabla ya mambo mengine. Anajifunza saketi, jinsi tarakimu zinavyotembea ndani ya mashine, jinsi mashine mbili zinavyozungumza, jinsi programu inavyoamrisha pampu au mizani, na jinsi ya kulinda vyote hivyo visiharibiwe au kuibwa. Mwaka wa mwisho anatakiwa kubuni na kutengeneza kitu kinachofanya kazi.

Tofauti yake na fundi wa kawaida ni hapo. Fundi simu anajua simu, fundi umeme anajua umeme, na mwandishi wa programu anajua programu. Mhandisi wa kompyuta anafundishwa kuona umeme, mashine, mtandao na programu kama kitu kimoja, na kujua kosa limeanzia wapi.

Nchini kozi hiyo inapatikana katika vyuo vya umma kadhaa. Ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye ndaki yake ya Kijitonyama, ipo Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, ipo Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), na ipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), ambacho ndicho kilicho karibu zaidi na Mpanda. Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine, iliyoko Kibaoni hapa hapa Katavi, mkazo wake ni kilimo na nyuki. Mtoto wa Mpanda anayetaka uhandisi wa kompyuta bado atapanda basi.

HESABU YA MTAJI

Ada ya kozi za uhandisi katika vyuo vya umma huwa kati ya shilingi milioni 1 na milioni 2 kwa mwaka. Kwa hesabu ya mfano ichukuliwe milioni 1.5. Bodi ya Mikopo hukadiria chakula na malazi kwa shilingi 10,000 kwa siku. Mwaka wa masomo ukihesabiwa siku 240, hiyo ni milioni 2.4. Kwa miaka 4, ada na kujikimu ni milioni 15.6. Ukiongeza kompyuta ya mkononi, nauli na vitabu, jumla inakaribia milioni 18.

Kwa mfanyabiashara wa mahindi anayebakiwa na faida ya shilingi 8,000 kwa gunia, milioni 18 ni magunia 2,250. Hayo ni malori saba na nusu ya tani 30. Si fedha ndogo, na mzazi anayesita si mjinga.

Mkopo unapunguza mzigo huo. Anayepata mkopo na kuajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Aliyekopa milioni 15.6 zote na kuajiriwa kwa mshahara wa shilingi milioni 1 atakatwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na atamaliza baada ya miezi 104, yaani miaka minane na miezi minane. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo ilikuwa ikiwaumiza wengi, ilifutwa mwaka 2021. Aidha, wanaofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita wanaweza kupata ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23.

Ipo njia nyingine ambayo wazazi wengi wa Mpanda huidharau. Mwanafunzi anaweza kutoka kidato cha nne akasoma stashahada kwenye chuo cha ufundi, akapata ujuzi wa mikono, kisha akaingia shahada kwa wastani wa pointi 3.0. Kuanzia mwaka 2023 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Anayepita njia hii anafika mwaka wa kwanza wa shahada akiwa tayari anaweza kushika kifaa na kulipwa.

Lakini hakuna njia inayokwepa hesabu na fizikia. Kidato cha sita, kozi hizi hudai ufaulu katika hisabati na fizikia. Kwa maana hiyo uwekezaji hauanzi siku ya barua ya chuo. Unaanza kidato cha pili na cha tatu, mtoto anapoamua kubaki na fizikia au kuikimbia. Shilingi laki mbili za mwalimu wa ziada wa hisabati wakati huo zina faida kuliko kompyuta ya milioni mbili anayonunuliwa mtoto aliyekwishaacha fizikia.

HOJA ZA WANAOKATAA

Wanaokataa kozi hii wana hoja tatu, na zote zinastahili majibu.

Kwanza, wanasema wahitimu wamejaa mitaani. Ni kweli wapo. Lakini soko la nafaka linafundisha kwamba mahindi kujaa sokoni hakuna maana kwamba mahindi makavu, yaliyopepetwa, hayana mnunuzi. Mhitimu aliyemaliza miaka 4 bila kugusa mashine inayofanya kazi ni mahindi mabichi. Cheti anacho, lakini hakuna atakayempa ghala lake.

Pili, wanasema akili mnemba sasa inaandika programu yenyewe. Nayo ni kweli, na anayesoma ili aandike programu ndogo ndogo tu ana haki ya kuogopa. Lakini akili mnemba haiendi Inyonga kuangalia kwa nini mizani inasoma kilo mbili zaidi jenereta ikiwaka. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizokosa intaneti ya uhakika. Haikuhitajika programu mpya. Zilihitajika meli, watu wanaojua nyaya, na wahandisi wa kugeuza njia za mawasiliano zipitie kwingine. Kadiri kazi nyingi zinavyohamia kwenye mashine, ndivyo anayejua mashine imesimama juu ya nini anavyozidi kuhitajika.

Tatu, na hii ndiyo hoja nzito, wanasema vijana hawarudi. Mzazi anauza mpunga Mpanda, mtoto anasoma Dodoma au Dar es Salaam, anapata kazi huko na faida inabaki huko. Mkoa umelipa, mji mwingine umevuna.

Hoja hii ni ya kweli, lakini lawama zimewekwa pasipo pake. Mpanda yenyewe ina historia ya kuliangalia jambo hili. Reli kutoka Kaliua ililetwa hapa na wakoloni mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli haikung'olewa, kwa sababu palikuwa na mizigo mingine na abiria wa kuitumia. Kitu hubaki mahali penye kazi. Kijana naye ni hivyo hivyo. Hakuna mhandisi atakayerudi Mpanda kuja kuangalia ghala kwa nje.

WENYE MAGHALA WAFUNGUE MLANGO

Wanafunzi wa uhandisi hutakiwa kufanya mafunzo kwa vitendo kila mwaka, kwa kawaida wiki nane. Kila mwaka vijana wa Katavi walioko vyuoni huhangaika kutafuta nafasi hizo Dar es Salaam na Dodoma, wakigombea na maelfu ya wenzao. Wengi huishia kukaa ofisini wakitumwa chai.

Wakati huo huo Mpanda kuna maghala, vyama vya msingi vya tumbaku, mashine za kukoboa, vituo vya mafuta, mawakala wa mabasi na mawakala wa fedha ambao kila wiki wanalalamika kuhusu mtandao. Mahitaji yapo, na wenye kuyatimiza wapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwakutanisha.

Gharama yake si ya kutisha. Posho ya shilingi 10,000 kwa siku kwa siku 40 za kazi ni shilingi 400,000. Wafanyabiashara wanne wakichangia, kila mmoja anatoa 100,000. Kijana anakagua mizani, anaandika kumbukumbu za kukatika kwa umeme, anapanga upya nyaya za ofisi, anaweka nakala za hesabu mahali pa pili ili mashine ikiungua daftari lisiungue nayo. Akigundua kosa la asilimia 1 kwenye malori mawili tu ya tani 30, kwa bei ya mfano iliyotajwa hapo juu, posho yake imerudi na chenji imebaki.

Tatizo moja ni usimamizi. Chuo kinataka mwanafunzi awe chini ya mtu mwenye ujuzi. Bodi ya Usajili ya Wahandisi nayo ina mpango wa mafunzo ya miaka 3 kwa wahitimu, ulioanza mwaka 2003, lakini unahitaji mhandisi aliyesajiliwa wa kumwongoza kijana. Mwenye ghala mmoja hawezi kutimiza hilo. Chemba ya biashara ya mkoa, vyama vya ushirika na halmashauri wakikaa meza moja wanaweza, kwa kuwa halmashauri zina maofisa wa TEHAMA na mashirika ya umeme na simu yana wataalamu wao.

Yule atakayefanya kazi Mpanda wiki nane kila mwaka kwa miaka mitatu atakuwa anazijua mashine za mji huu kwa majina, na wenye mashine watakuwa wanamjua. Siku ya kuhitimu hatakuja kuomba kazi kama mgeni. Anaweza kuja na kampuni ndogo ya matengenezo yenye wateja kumi tayari, wanaomlipa kila mwezi. Mshahara wa namna hiyo hautegemei tangazo la ajira la Serikali.

Kwa hiyo mzazi anayeombwa ada mwaka huu aulize maswali manne kabla ya kufungua mfuko. Je, kozi hii ni uhandisi kweli, na imo katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu? Je, mtoto anaipenda hesabu au anapenda jina la kozi? Je, atafanya wapi wiki zake nane? Na je, baba au mama mwenyewe, katika biashara yake, yuko tayari kumfungulia mlango mtoto wa mwenzake?

Swali la nne ndilo linaloumiza. Kila mwenye ghala anataka mwanawe apokewe mahali fulani, lakini wachache wako tayari kupokea. Mpanda ikiendelea hivyo, mashine zitaongezeka, daftari litazidi kuwa ndani yake, na kila litakapokwama mtu ataitwa kutoka mbali kwa nauli, malazi na posho ya safari. Fedha hiyo italipwa kila mwaka bila kuhesabiwa. Milioni 18 angalau zinahesabika.